Kuwasha Moto Siyo Kukausha Tumbaku

Nyumbani, Ushetu

Kwa mwanangu Kabula,

Shikamoo yako niliipokea tangu asubuhi, marahaba, lakini barua ni barua, siwezi kukuingilia bila hodi. Kwa hiyo pokea salamu za watu wa nyumba hii mmoja mmoja, hata kama umelala nao ukuta mmoja. Bibi yako Nyamizi anakusalimu. Kikohozi kimepungua tangu aanze kunywa uji wa moto, ila ulimi wake haujapungua. Leo amemwambia mdogo wako Masanja kwamba anatembea na ndoo ya maji kama bwana harusi anayesubiriwa. Baba yako anakusalimu. Mguu umemsumbua kutwa kwa baridi hii ya mvua, amekaa barazani anachonga mpini ambao sijui ni wa jembe gani. Baba yako mdogo Shija anakusalimu, anasema kesho ni yeye wa kukupeleka stendi kwa pikipiki. Nimemwambia aende polepole, akajibu kwamba maisha yake yote hajawahi kwenda haraka, bibi akacheka mpaka kikohozi kikarudi. Masanja anakusalimu. Mdogo wako Milembe amelala, kandambili zako amezificha chini ya mto wake, anadhani mtu hasafiri bila kandambili. Yule ng'ombe mwekundu naye hajambo. Mimi mama yako nipo, ni mzima, nimechoka tu.

Naandika hapa kwenye mdomo wa bani letu la kukaushia tumbaku kwa sababu zamu ya moto ni yangu. Mwandiko utauvumilia. Shule niliiacha darasa la nne na kalamu ni ya Masanja, inatema wino inapotaka. Mambo ya chakula cha njiani, ya kulinda simu stendi, ya sweta kwa sababu Dodoma upepo wake ni wa wizi, nimeshayasema mpaka wewe mwenyewe ukaniambia, "Mama, umeyasema." Siyarudii.

Nataka kujibu lile la jana jioni. Uliingia hapa ukanikuta nimeinama natazama kipimajoto, ukasema, "Mama, nikibaki mpaka tumbaku ya bani hili itoke?" Sikujibu. Nilijifanya nachochea kuni. Ukasubiri kidogo, ukaenda ndani, na nilipopita mlangoni nikaona umelitoa sweta kwenye begi umelitundika tena msumarini. Hilo sweta limenikaa kifuani tangu jana. Barua hii ndiyo jibu langu, na nitaiweka juu ya begi lako uisome kabla hujatoa nguo nyingine.

Lakini mimi siwezi kujibu jambo kwa mstari mmoja, unanijua. Nivumilie.

Nianze na hiyo kazi yako, kwa sababu wiki zote hizi ulizokaa nyumbani tumetunga majani kwenye fito huku unanieleza, na mimi nilikuwa naitikia "ee" kwa mdomo tu mwanzoni. Uliponiambia unatengeneza maktaba nikafikiri nyumba ya vitabu. Ukasema, hapana mama, ni amri zilizokwisha kuandikwa na kupangwa, ili mwenye kuandika programu yake azichukue zikiwa tayari asianze kila kitu upya. Na hiyo yenu inahusu kufanya kazi nyingi kwa pamoja, kwa sababu ndani ya kompyuta kuna vibarua wengi wanaongoja kupewa kazi. Na ukasema ugomvi wenu wote huko ofisini ni juu ya kitu kimoja kidogo: mtu akitaka kuanzisha kazi, aanzishe kwa njia gani.

Nikacheka. Nikasema, watu wazima mnagombana juu ya namna ya kumwambia kibarua "anza"?

Ukasema, "Mama, wewe mwenyewe umegombana na watu kwa hilo hilo."

Ulikuwa huna habari ulichokisema, lakini ulinigusa. Nilikwenda kulala nikakumbuka wifi yangu.

Wakati huo nilikuwa mke mgeni hapa, wewe hujazaliwa. Kulikuwa na kikundi cha vijana wa kulima, na kiongozi wao ndiye tunamwita nsumba ntale. Ukitaka kulimiwa humwendei kijana mmoja mmoja. Unamwendea yeye, unamwambia shamba liko wapi na ukubwa wake, yeye anaangalia nani yuko huru, anakupangia. Sasa mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumsaidia wifi yangu, wale vijana wako kwake wanapalilia. Nikaona uvivu wa kutembea mpaka kwa nsumba ntale. Nikapaza sauti pale pale katikati ya shamba la mwenzangu: jamani, na kwangu mje. Wakaja kweli. Walitoka kwenye matuta ya wifi, wakaingia kwangu, jua likazama shamba lake limebaki nusu na langu nusu. Na ile nusu yangu wakadai kwamba ni sehemu ya kazi ya wifi, kwa sababu walianzia kwake, kwa hiyo chakula chake ndicho walichokula na mimi nikaonekana mtu wa kupenyeza kazi yangu ndani ya kazi ya mwingine.

Wifi hakunipigia kelele. Alikuja jioni akaketi hapo nje akasema, "Mama wa nyumba mpya, nikikuazima kijiko usile na sufuria yangu." Maneno hayo tulikaa nayo misimu kadhaa.

Nilipokusimulia ukaacha kutunga, ukasema njia yenu ya zamani iko hivyo hivyo. Mtu akianzisha kazi, ile njia inatazama kwanza amesimama wapi. Akiwa amesimama ndani ya shamba la mtu, vibarua wanatoka kwenye shamba hilo hilo, naye hakujua, na kazi zinabanana. Njia fupi mliyoitunga haijali umesimama wapi. Inakwenda moja kwa moja kwa nsumba ntale wa kijiji kizima. Nikasema hiyo ni heshima tu, mbona iliwachukua muda. Ukacheka wewe sasa.

Halafu nikakuuliza swali nililoliona la kijinga. Nikasema, mimi nikimwachia nsumba ntale anichagulie, nitajuaje kama hakunipa wavivu? Uliniambia hilo siyo la kijinga, ndilo analolisema kila siku yule mkuu wenu wa kazi, kwamba njia fupi inamwamulia mtu mambo ambayo hakuulizwa. Ile ndefu ya zamani inakuuliza kila kitu: nani afanye, afanyie wapi, kazi ndefu au fupi, inafungwa na kazi iliyoizaa au haifungwi. Ukasema mtu mmoja katika wengi ndiye anayehitaji kuulizwa yote hayo, wengine wanajaza wasichokijua wanaharibu. Kwa hiyo ndefu mnaiacha ipo kwa anayejua anachokitaka, na fupi mnaifanya iamue vile watu wengi wangeamua kama wangekuwa na muda wa kufikiri.

Sijui kama nimekuelewa sawasawa. Kwenye kazi ndefu nadhani nimeelewa, kwa sababu hata nsumba ntale alikuwa hatoi kijana wa kuja kukaa na moto wa bani. Alikuwa anasema, "Watu wa kulima nitakupa, mtu wa kulala kwako wiki nzima tafuta wako." Kijana akikaa na moto, kijiji kimepungukiwa mkono. Mkaushaji ni mtu wa peke yake, unamtafuta kwa kazi hiyo tu.

Na hapo ndipo pa Mzee Ndaki.

Habari hii unaijua, ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo na uliijua kwa upande wa mguu wa baba yako. Mimi nikupe upande wangu. Baba yako alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Masumbwe, kaapa hashuki tena kwenye duara, lile shimo la dhahabu, ardhi imemtosha, sasa ni tumbaku. Tukalima vizuri mwaka ule. Majani yalikuwa mapana ukiyashika yanakaa kiganjani kama ngozi ya mtoto. Siku tulipomaliza kupakia bani baba yako akaondoka kwenda kutafuta kuni zaidi, na siku hiyo hiyo bibi yako akazidiwa. Nikampeleka hospitali Kahama, nikalala chini ya kitanda chake. Kabla ya kupanda gari nikamwambia Shija, nenda kwa Mzee Ndaki yule mkaushaji, mwambie aje awashe moto.

Kesho yake Shija akaja Kahama na baiskeli ya watu, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwuliza, "Moto?"

"Umeshawaka, shemeji. Mzee Ndaki mwenyewe kauwasha, nimesimama nimeona moshi."

Nikamshukuru Mungu nikaliondoa moyoni. Nakuambia kweli, niliondoa bani moyoni kama mtu anavyovua viatu. Nikabaki na bibi yako tu.

Shija hakudanganya. Mzee Ndaki naye aliwasha kweli. Jioni ile mke wake akashikwa na uchungu, akaondoka naye kwenda kwa wakunga, na nani angemlaumu. Moto ukazimika majani yakiwa bado njano. Mwenye bani anajua maana yake: unyevu unarudi, jani linalowa jasho lake lenyewe, linageuka rangi ya chai iliyolala. Niliporudi nilifungua mlango harufu ikanipokea kabla macho hayajazoea giza.

Nikamwita Shija, nikiwa na hasira ya mtu aliyelala chini ya kitanda cha hospitali. "Si ulisema moto umewaka?"

Akasema taratibu, unamjua anavyosema, "Ulinituma nikawashishe moto, shemeji. Umewaka. Hukunituma nikae nao."

 Baba yako alisimama mlangoni pa bani akayatazama yale majani, akageuka akasema, "Basi narudi Masumbwe." Mengine unayajua. Jiwe lililomwangukia mguuni halikujua kwamba aliapa.

Nilikusimulia haya juzi tukiwa tumefika fito za mwisho, nikidhani nakusimulia ya nyumbani tu. Ukaliweka jani chini. Ukasema, "Mama, hilo ndilo kosa lenyewe." Sikukuelewa. Ukanieleza kwamba mtu anaweza kuanzisha kazi ambayo ndani yake inaanzisha kazi nyingine. Na kwa njia ile ndefu, jibu linarudi mara ile ya kwanza inapomaliza kuianzisha ya pili. Anayesubiri anaambiwa imekwisha, anakwenda zake, kumbe kilichokwisha ni kutumwa tu. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, na ikiharibika huko ndani hakuna anayesikia. Njia fupi mmeifanya ifungue lile ganda la nje, ukisubiri usubiri ile ya ndani. Ukasema watu wengi wenye shahada zao wamepotea hapo hapo nilipopotea mimi, kwa sababu kila mtu anaposikia "imekwisha" anafurahi.

Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia mbuzi. Haikuwa huzuni hasa. Ni kwamba miaka yote hii nilikuwa najilaumu kuwa nilimwamini Shija. Kumbe sikukosea kumwamini. Nilikosea kusubiri kitu kilichokuwa siyo.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nisijibu jana.

Uliwahi kunieleza pia juu ya kazi mtoto na kazi mzazi. Kwamba kazi inayozaliwa ndani ya nyingine inaweza kufungwa na mzazi wake, na ikifungwa, mzazi hahesabiwi amemaliza mpaka mtoto amalize. Na kwamba kwenye njia fupi mmekataa hilo. Mtoto hafungwi. Hata akiomba kujifunga, mzazi aliyeanzishwa kwa njia fupi hakubali. Nikakuuliza kwa nini mnakuwa na roho ngumu hivyo. Ukasema siyo roho ngumu, mama, ni kwamba mtu akiandika kazi yake leo hajui ni kazi gani ya watu wengine itazaliwa ndani yake kesho. Zikijifunga zote, ataganda pale anasubiri vitu asivyovijua. Anayetaka kufunga afunge kwa kukusudia, kwa njia ndefu, pande zote mbili zikijua.

Niliinamia fito. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa namkumbuka Kabula wa mwaka jana, aliyepata kazi Mwanza akaniambia, na mimi nikasema, "Ngoja kwanza bani litoke." Ulingoja. Bani likatoka. Nikasema tufunge marobota kwanza. Tukafunga. Nikasema bibi yako hajisikii vizuri, na kweli hakuwa anajisikia vizuri. Kisha kitalu kikafika. Wale wa Mwanza wakachukua mtu mwingine. Wewe hukunilaumu hata siku moja, ukaendelea kumwagilia miche na simu mfukoni.

Tumbaku haina mwisho, mwanangu. Ikitoka kwenye bani inaingia kwenye robota, robota likiondoka kitalu kinangoja. Nilikufunga kwenye kazi ambayo yenyewe haikwishi, halafu nikakaa nasema wewe ndiye hujamaliza. Na sikufanya kwa ubaya. Kila nikikutazama ukienda kisimani nilikuwa namwona baba yako anageuka pale mlangoni. Mtu akiondoka nyumba hii kwenda kazini, mwili wangu unajua habari moja tu.

Jana mchana uliongea na simu kule nyuma ya jiko. Sikukusudia kusikiliza lakini kuta zetu unazijua. Yule mkuu wa kazi alikuwa anasema kwa sauti kubwa, na wewe ukasema, "Simnyimi mtu uamuzi, kaka. Njia ndefu ipo pale pale. Ninachokataa ni kumwadhibu asiyejua." Kisha ukasema, "Wiki ijayo nitakuwepo niieleze mwenyewe." Ulipokata simu ukaniona, ukaona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari. Jioni yake ndiyo ukatoa sweta.

Usipokwenda, hiyo njia fupi itaelezwa na nani? Atasimama mtu aliyeambiwa na mtu. Atasema "Kabula alisema hivi," watamwuliza kwa nini, atakuna kichwa. Wewe unajua kwa nini. Unajua kwa majani, kwa wifi, na kwa Mzee Ndaki, hata kama huko hutawatajia majina yao. Usije ukawaambia habari za mama yako huko, utanifedhehesha. Lakini zijue.

Na kama ukienda na wakaikataa, basi wamekataa. Baba yako ana kazi chungu nzima alizozibuni akaziacha hapo uani bila kuzianzisha, tunazikanyaga kila asubuhi, bado tunakula naye. Utarudi likizo, utatunga majani, bibi atakutafutia mchumba wa kukuudhi. Mimi siogopi ukishindwa. Naogopa ukibaki halafu siku moja nikiwa mzee nikuone unautazama mlango wa bani kwa namna ninavyoutazama mimi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Moto wa bani mimi ninao. Shija nimemweleza, na safari hii sikumwambia awashe, nimemwambia akae, na nitakwenda kumchungulia hata akikasirika. Masanja atatunga fito baada ya shule. Bibi yako ameniambia nikuambie kwamba hajafa wiki hii na hana mpango wiki ijayo. Sweta nimelitoa msumarini, nimelikunja, liko ndani ya begi upande wa juu. Funga zipu. Kandambili usimnyang'anye Milembe, nitakununulia wewe nyingine, au nunua huko.

Nimefika mwisho wa karatasi na kuni zinataka kusogezwa.

Neno moja ninaloomba, ng'wanone, mwanangu. Kesho ukikaa kwenye basi usinitumie ujumbe kwamba umepanda. Najua umepanda, Shija ataniambia, na Shija hadanganyi. Usiniambie mmefika Singida, wala kwamba mnaona taa za Dodoma. Ngoja. Ushuke, ufike hapo unapokwenda kulala, ufungue mlango kwa mkono wako mwenyewe, unywe maji, uketi. Ukishaketi nipigie mara hiyo hiyo, usisubiri kuoga, usisubiri asubuhi, na ongea nikusikie sauti. Mpaka hapo mimi nitakuwa macho kwenye moto huu, na nitakuwa nasubiri wewe, siyo habari zako.

Mama yako,
Mama Kabula